Usitupe Aproni, Mdogo Wangu

Ziwa limechafuka wiki hii. Upepo unavuma tangu alfajiri, mitumbwi imelala ufukweni na dagaa wamepanda bei hapa Kigera. Basi nimejikalia ndani na chai ya rangi na barua zenu. Nilitaka kujibu tatu kwa mizani moja, lakini moja imenikosesha usingizi, kwa hiyo mnisamehe, hiyo ndiyo itakayokula nafasi.

Imetoka kwa mdogo wangu wa hapa hapa Kigera ambaye hataki nimtaje. Ni mwaka wa pili sasa anauza duka la vifaa vya ujenzi mjini Musoma. Aliajiriwa kaunta: anapokea wateja, anakata risiti, jioni anafunga hesabu. Juu ya mshahara kuna posho ya mauzo, na hiyo posho, anasema, ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Mwezi uliopita akamwambia bosi kwamba ana ujauzito wa miezi mitano. Bosi akampongeza, hata soda akamnunulia. Jumatatu iliyofuata alikuta kijana mpya kwenye kiti chake, yeye akaelekezwa stoo kupanga mifuko ya saruji na kuhesabu nondo. Stoo hakuna mauzo, kwa hiyo posho ikakatika. Alipouliza akajibiwa, "Mama, wewe sasa pumzika, si una mume?"

Anamalizia hivi: "Dada, niache kazi kimya kimya nikajifungue kwa amani, au nimwambie ukweli wake usoni, liwalo na liwe?"

Mdogo wangu, hiyo ya liwalo na liwe naijua. Nilishaipita.

Mwaka 2009 nilikuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja cha samaki kanda hii ya ziwa, jina lake nalihifadhi. Tulisimama mezani tangu saa moja asubuhi, gamboti nyeupe miguuni, kofia ya wavu kichwani, aproni ya plastiki inayokufika vifundoni, na maji ya klorini yakipita sakafuni. Wakataji walikuwa wanachana sangara minofu miwili, ngozi inatolewa, mnofu unateremka kwetu wanawake kusafishwa. Unapapasa kwa kidole gumba kutafuta mwiba, unatoa mafuta na damu, unanyoosha ukingo. Mapanki yanaenda huku, mabondo kule, kila kitu na bei yake. Msimu mmoja wakatuletea wanaume wawili kwenye meza yetu. Kisu kilekile, mnofu uleule, kilo zilezile. Siku ya malipo mmoja wao akafungua bahasha mbele yangu bila kufikiri, na mimi hesabu ninaijua: alikuwa ananizidi shilingi elfu moja na mia tano kwa siku.

Nilimfuata supavaiza pale pale, mbele ya zamu nzima. Niliyomwambia sitayaandika, maana mama yangu naye husoma ukurasa huu. Nikavua aproni, nikaitupa kwenye beseni la minofu. Wenzangu wakapiga vigelegele. We acha tu, nilirudi nyumbani siku ile najiona shujaa, hadi kesho yake asubuhi mlinzi wa getini alipofungua daftari, akapitisha kidole chini ya majina, akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, wewe umepigwa mstari."

Sababu iliyoandikwa ilikuwa kuharibu bidhaa na kumtukana msimamizi. Na kweli, aproni chafu nilikuwa nimeitupa kwenye chakula cha watu. Mashahidi wao walikuwa zamu nzima, wale wale wa vigelegele. Habari ya elfu moja na mia tano haikutajwa tena na mtu yeyote. Kesi ikawa ni aproni.

Nilipopata akili ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wote tunaiita CMA, ulikuwa mwezi wa nne tangu niachishwe. Karani aliniuliza swali moja tu: uliachishwa lini? Kumbe mtu aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufungua mgogoro wake. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda, lakini lazima uwe na sababu inayoeleweka, kama ugonjwa au msiba. Yangu ilikuwa kununa.

Kwa hiyo, wewe wa duka la nondo, usimwambie bosi ukweli wake usoni. Na kimya kimya pia usiondoke. Ukiandika barua ya kuacha kazi, kwenye karatasi inasomeka kwamba umeondoka kwa hiari yako. Sheria inajua kuna mtu anayefanyiwa maisha kuwa magumu mpaka anaacha, na inaweza kukuhesabu kama umeachishwa, lakini hapo wewe ndiye utakayehenyeka kuonyesha kwamba pale hapakukalika. Kwa nini ujibebeshe mzigo huo na mimba juu? Nenda stoo kesho. Ila uende na daftari.

Kabla ya daftari, nikueleze umesimama wapi, maana watu wengi wanadhani kubaguliwa ni jambo la kulalamikia kwa jirani tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, na inataja kwa majina misingi isiyoruhusiwa: rangi, utaifa, kabila au mahali mtu anakotoka, dini, msimamo wa kisiasa, jinsia, ujauzito, ndoa au majukumu ya familia, ulemavu, Virusi vya Ukimwi, umri na hali ya maisha. Ujauzito umo, hauhitaji kutafutiwa. Kumsumbua na kumnyanyasa mfanyakazi kwa misingi hiyo nako kunahesabiwa kuwa ubaguzi. Na kifungu cha 37 kinasema ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Sasa hili la stoo. Bosi wako anaweza kusema alikuonea huruma, alitaka ukae mbali na pilikapilika za wateja. Sawa, tumkubalie kwa dakika moja. Sheria hiyo hiyo, kwenye kifungu cha likizo ya uzazi, inakataza mjamzito kufanyishwa kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto. Kama kazi yake ya kawaida ni ya hatari, mwajiri anatakiwa ampe nyingine ikiwezekana, kwa masharti yasiyopungua yale aliyokuwa nayo. Yasiyopungua. Na yeye amekutoa kwenye kiti na feni, akakupeleka kwenye vumbi la saruji na mifuko ya kilo 50, tena posho akaikata. Huruma gani hiyo inayomuongezea mtu uzito na kumpunguzia hela?

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize wote, hata mliokuja kusoma kwa udaku. Tunapoteza nguvu nyingi kutaka kuthibitisha kilicho moyoni mwa bosi. Anatuchukia? Anadharau wanawake? Ana roho mbaya? Hatutajua, na soda ile huenda ilitoka moyoni kweli. Sheria haikutaki uingie huko. Inakutaka uonyeshe lililotendeka kiasi cha mtu mwenye akili kusema, hapa pana jambo. Ukishafika hapo, mzigo unahamia kwake. Yeye ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua, au kwamba alichofanya kilidaiwa na kazi yenyewe. Mimi mwaka 2009 ningekuwa na karatasi moja yenye majina matatu, kazi ileile na malipo mawili tofauti, supavaiza ndiye angetoka jasho. Nilimpa aproni badala yake.

Zamani, ukitaka kujua, hata kazi hiyo ya kuonyesha haikuwepo, kwa sababu ubaguzi uliandikwa wazi. Katika utumishi wa serikali za kikoloni hapa Afrika Mashariki, Mwafrika mwenye sifa sawa na Mzungu, akishika nafasi ileile, alipangiwa mshahara wa sehemu tatu kati ya tano za ule wa mwenzake. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 iliutetea utaratibu huo, mpaka Tume ya Lidbury mwaka 1954 ikapendekeza uondolewe. Fikirieni: yule mtoto wa Butiama, Mwalimu Nyerere, aliyeanza darasa la kwanza pale Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alirudi kutoka Edinburgh na shahada yake mwaka 1952, wakati hesabu hiyo ya tatu kwa tano bado inatumika maofisini. Nikipita Mwisenge na bodaboda huwa naikumbuka. Siku hizi hakuna bosi atakayekuandikia kanuni ya namna hiyo. Atakwambia "pumzika", "nafasi imejaa", "wateja wanapenda kijana". Ndiyo maana daftari linabidi uandike wewe.

Haya, daftari. Nunua kaunta buku dogo, lile la kuingia kwenye pochi. Lisilale dukani hata siku moja. Kila tukio liwe na tarehe, saa, nani alisema nini kwa maneno yake hasa, nani alikuwepo. Usiandike "bosi alinidhalilisha". Andika: "Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, mbele ya fundi aliyekuja kununua rangi, bosi alisema: Mama, wewe sasa pumzika, si una mume?" Kudhalilishwa ni maoni yako, atayapinga. Maneno yenye saa na fundi wa rangi pembeni ni magumu kuyapinga.

Ukurasa wa pili weka mlinganisho. Nani anafanya kazi yako sasa? Ana uzoefu gani? Analipwa posho? Wewe ulilipwa kiasi gani mwezi uliopita, na mwezi huu? Kama posho ilikuwa inakuja kwa simu, ujumbe wa malipo usiufute. Meseji na za WhatsApp zinakubalika kama ushahidi, sheria ya miamala ya kielektroniki ya mwaka 2015 ilishalimaliza hilo. Tena zipige picha uzitume kwa dada yako au rafiki, maana simu za siku hizi nazo zina tabia ya kuanguka kwenye ndoo.

Mkataba wa maandishi unao? Wengi hapa Musoma hawana, na wanadhani wasipokuwa nao hawana kesi. Ni kinyume. Kuandika maelezo ya ajira ni wajibu wa mwajiri, na mgogoro ukifika mbele ya sheria naye hana karatasi, yeye ndiye anayetakiwa kuthibitisha masharti yalikuwa yapi.

Baada ya hapo, barua. Fupi, ya adabu, isiyo na neno ubaguzi hata mara moja. Utalitumia baadaye kama itabidi. Mimi ningeandika hivi:

"YAH: KUBADILISHIWA KAZI NA KUONDOLEWA POSHO. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwajiriwa wako katika nafasi ya muuzaji wa kaunta tangu mwaka juzi. Tarehe (andika) nilikujulisha kuwa ni mjamzito. Tarehe (andika) nilihamishiwa stoo, na tangu siku hiyo sijalipwa posho ya mauzo niliyokuwa nikiipata kila mwezi. Kazi ya stoo inahusisha kuinua mifuko ya saruji, jambo ambalo kwa hali yangu si salama. Naomba kujulishwa kwa maandishi sababu za mabadiliko hayo, na naomba kurudishwa katika nafasi yangu pamoja na posho yangu. Wako mtiifu."

Hiyo tu. Usimtajie vifungu. Barua yenye vifungu vingi inamfanya mtu amkimbilie wakili kabla hajafikiri, na wewe unataka afikiri kwanza. Mabosi wengine, nisiwasingizie, wakisoma kitu kimepangwa hivi kwa tarehe wanaona aibu na mambo yanaishia hapo. Toa nakala mbili, moja asaini kwamba ameipokea, ndiyo ubaki nayo. Akikataa kusaini, ipige picha barua hiyo na umtumie kwenye simu yake, au umkabidhi mbele ya mtu na uandike jina la huyo mtu kwenye daftari.

Pamoja na barua hiyo kuna nyingine ambayo wanawake wengi wanaisahau: taarifa ya likizo ya uzazi. Inatakiwa imfikie mwajiri walau miezi mitatu kabla ya tarehe ya makadirio, ikiambatana na cheti cha daktari. Wewe una miezi mitano, tayari unaingia wa sita, kwa hiyo kliniki uende wiki hii. Likizo ni siku 84 zenye malipo, na 100 ukijaliwa mapacha. Ukirudi kazini una haki ya kupewa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Asikwambie mtu kwamba anakufanyia hisani.

Asipojibu, au akijibu kwa matusi, sasa ndipo unakwenda CMA, ofisi ipo hapa hapa Musoma. Mgogoro wa kuachishwa ni siku 30, nimeshasema kwa uchungu wangu mwenyewe. Mingine yote, ukiwamo huu wako wa kubaguliwa ukiwa bado kazini, ni siku 60. Hesabu kuanzia siku ulipohamishiwa stoo. Siku uliyopata ujasiri haimo kwenye hesabu hiyo. Utapewa fomu namba moja ya Tume, utaijaza, nakala utampelekea mwajiri kwanza na kuonyesha uthibitisho kwamba ameipata, ndipo uisajili. Huhitaji wakili. Unaweza kusimama mwenyewe, au ukasindikizwa na mtu wa chama cha wafanyakazi kama wewe ni mwanachama. Madukani na viwandani wengi wako TUICO. Mtakaa mezani na msuluhishi, wewe huku, bosi kule, na ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha. Ikishindikana unaendelea kwenye uamuzi au Mahakama ya Kazi.

Walimu na manesi walioniandikia, ninyi mlango wenu wa kwanza ni tofauti. Mtumishi wa umma anaanzia kwenye ngazi za utumishi wake na tume zake, ndipo mengine yafuate. Nitawapa siku yenu.

Sasa tusidanganyane. Musoma ni mji mdogo. Bosi wako huenda anasali kanisa moja na shangazi yako, na wiki hiyo hiyo utaitwa na wazee uambiwe umwombe radhi. Akikuachisha kwa sababu umedai haki yako, sheria inakuhesabu umeachishwa isivyo halali, lakini sheria hailipi kodi mwisho wa mwezi huu. Nayajua hayo. Ukiniambia umepiga hesabu ukaona unyamaze hadi ujifungue, sitakuita mwoga. Nitakuomba tu unyamaze ukiwa umeshaandika daftari na umeshahesabu siku.

Na kama unadhani kulinganisha wewe na mwenzako ni jambo dogo, jirani zetu wana kesi ninayopenda kuisimulia. Kulikuwa na mfanyakazi wa chuo kikuu kimoja Nairobi, mahakama ilimficha kwa herufi tu, V.M.K. Alipimwa Virusi vya Ukimwi bila ridhaa yake, na baada ya majibu ile ajira ya kudumu aliyokuwa anaitarajia ikayeyuka. Akawa anapewa mikataba mifupi mifupi, mwaka unaisha mwingine unaingia. Hakuna aliyemwambia "tunakubagua". Alichokuwa nacho ni karatasi: walichoahidiana, tarehe ya kipimo, na kilichofuata baada ya kipimo. Mwaka 2013 mahakama ya kazi ya Kenya ikaamua alipwe jumla ya karibu shilingi milioni 7 za kwao. Tanzania nasi tunayo sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inayokataza unyanyapaa wa namna hiyo, kwa hiyo ukiona tangazo la kazi linadai majibu ya kipimo, lipige picha.

Barua ya pili ni ya kijana wa Bunda. Ana cheti cha hoteli, ameajiriwa kwenye loji moja njia ya kuelekea lango la Ndabaka, na tangu aanze anapangwa ulinzi wa usiku. Wenzake watatu wenye cheti kama chake wako mapokezi. Akiuliza, meneja anacheka: "Mkurya na mgeni wapi na wapi, utawatisha watalii." Anauliza kama ni utani tu na yeye ndiye mwenye hasira za bure.

Mdogo wangu, mimi nimekulia kwenye utani, sisi watu wa Mara tunataniana mpaka msibani. Lakini utani una desturi yake: mimi nikikurushia, wewe unanirudishia, tunacheka, kila mtu anakwenda na kazi yake. Wewe ukimrudishia meneja, ratiba ya wiki ijayo inabadilika? Kama maneno yale ndiyo yanayoamua nani alale getini na nani avae tai, hapo utani ulishaondoka zamani. Kabila na mahali mtu anakotoka vimo kwenye kifungu cha 7. Muulize kwa maandishi swali moja la upole: vigezo vya kupangwa mapokezi ni vipi, na mimi nimepungukiwa na kipi? Hicho kicheko hakitaandikika. Na watu wa mahoteli mna chama chenu, CHODAWU. Ukiwa na kadi yao mkononi, meneja anakusikiliza kwa sikio jingine.

Halafu kuna ya tatu, imenifanya nicheke bila kupenda. Mama wa Nyasho mwenye mgahawa anauliza kama ana haki ya kuwakataa wasichana wenye watoto wadogo, "maana wanaomba ruhusa kila siku". Mama yangu, shikamoo. Hapana. Majukumu ya familia yamo kwenye orodha ile ile, na anayeomba kazi analindwa sawasawa na aliyeajiriwa. Unaruhusiwa kudai sifa ambayo kazi yenyewe haiwezi kwenda bila hiyo. Anayetaka mlinzi wa kupekua wanawake getini anaweza kudai mwanamke, hakuna atakayemshangaa. Lakini wali na maharage havijui kama mpishi ana mtoto. Weka saa za kuingia, weka adhabu ya kuchelewa iwe moja kwa wote, halafu muangalie mtu kwa kazi yake. Nawe si uliwalea wanao wanne ukiwa na biashara mgongoni?

Kuna walioniandikia kutoka mialoni kwamba hawana bosi, ila wanawake hawaruhusiwi kugusa mtumbwi na dagaa wanauziwa wa mwisho. Hilo CMA haiwezi kulishika, kwa kuwa hakuna ajira pale. Hapo dawa ni kuwa wengi: ingieni kwenye uongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo wenu, na tafuteni TAWFA, chama cha wanawake wa uvuvi kilichoanzishwa mwaka 2019. Nitalirudia, linahitaji ukurasa wake.

Nilikuwa naifunga kalamu wakati mdogo wangu wa nondo aliponitumia picha. Ni nakala ya barua yake, imekunjwa mara nne, ina vumbi la saruji pembeni. Chini bosi ameandika kwa kalamu nyekundu "Nimeona", akasaini, akaweka tarehe. Hajajibu bado. Mfuko wa saruji hajainua tena, anahesabu tu kwa macho. Nikamuuliza leo ni siku ya ngapi tangu wamhamishe. Akanijibu papo hapo, bila kufungua daftari: "Ya 23, dada. Zimebaki 37."